Jinsi ya Kuthibitisha Umiliki wa Msimbo wa Kompyuta na Kuulinda

Migogoro mikali ya umiliki wa programu za kompyuta huzuka zaidi kati ya watu waliowahi kufanya kazi pamoja: waasisi wawili walioachana, kampuni na mkandarasi aliyeijengea mfumo, mwajiri na mfanyakazi aliyeondoka akiwa na nakala ya kazi yake. Mwizi wa mbali yupo, na hatua za kumkabili zitaelezwa, lakini mwongozo huu unaanza na swali la nani hasa ni mmiliki, kwa sababu asiyeweza kuonyesha kwa maandishi jinsi kila sehemu ya programu ilivyofika mikononi mwake hana msingi wa kumzuia mtu mwingine kuitumia, hata awe na leseni iliyoandikwa kwa ustadi namna gani.

Fahamu kinacholindwa

Hakimiliki ya programu huanza pale msimbo unapoandikwa na kuhifadhiwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 170, haukubali nchi mwanachama imdai mwandishi wa nchi nyingine mwanachama asajili kazi yake ndipo alindwe. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki za ubunifu katika biashara na unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, ulieleza katika kifungu cha 10 kwamba programu za kompyuta, ziwe katika msimbo chanzo unaosomwa na binadamu au katika msimbo wa mashine, zitalindwa kama kazi za fasihi. Kwa hiyo alama ya © na mwaka si sharti la kupata haki, ingawa ni busara kuziweka, kwani humjulisha anayesoma faili ni nani wa kumwomba ruhusa.

Mkataba huohuo wa TRIPS, katika kifungu cha 9, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi mawazo, taratibu, mbinu za utendaji au dhana za kihisabati. Mwaka 2012, katika shauri la SAS Institute dhidi ya World Programming, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba utendaji wa programu, lugha ya kuiandikia na muundo wa mafaili ya data yake si sehemu ya maelezo yanayolindwa na hakimiliki ya programu hiyo. Mshindani akiitazama programu yako ikifanya kazi, akaelewa inachofanya, kisha akaandika msimbo wake mwenyewe wa kufanya jambo hilohilo, hakimiliki peke yake haitamzuia.

Kampuni ya Compaq ilitumia mpaka huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipotaka kutengeneza kompyuta inayoendana na ile ya IBM. Kundi moja la wahandisi lilisoma msimbo wa IBM wa kuwashia kompyuta na kuandika maelezo ya kinachotendeka, bila kunakili mistari yake. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuuona msimbo ule, lilipokea maelezo hayo tu na kuandika msimbo mpya kuanzia mwanzo. Ukihitaji kutengeneza kitu kinachoendana na programu ya mwingine, fuata njia hiyo na utunze kumbukumbu za nani alisoma nini na lini. Na ikiwa thamani ya programu yako imo katika wazo lenyewe, tambua mapema kwamba utahitaji kinga nyingine zaidi ya hakimiliki, nazo nitazigusia baadaye.

Amua ni nani mmiliki kabla mstari wa kwanza haujaandikwa

Kanuni ya kuanzia ni kwamba aliyeandika ndiye mwenye haki. Kanuni hiyo ina mlango mmoja mkubwa, nao ni ajira. Katika nchi nyingi, msimbo ulioandikwa na mwajiriwa katika kutekeleza majukumu yake ni wa mwajiri. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu programu za kompyuta, yaliyotolewa mwaka 1991 na kuandikwa upya mwaka 2009, yanampa mwajiri haki zote za kiuchumi juu ya programu iliyoandikwa na mwajiriwa kazini au kwa maagizo yake, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo. Sheria za Marekani na Uingereza zinafika mahali hapohapo kwa njia zao.

Ugumu unaanza kwa kazi za usiku na mwisho wa wiki. Mwajiriwa anayejenga programu yake binafsi aangalie mambo matatu: ameitumia kompyuta au akaunti ya mwajiri, kazi yake inagusa biashara ya mwajiri, na mkataba wake wa ajira unasemaje kuhusu uvumbuzi wa nje ya kazi. Jimbo la California lina kifungu cha 2870 katika sheria yake ya kazi kinachozuia mwajiri kudai uvumbuzi ambao mfanyakazi ameufanya kwa muda wake na kwa vifaa vyake, ila pale unapohusiana na shughuli za mwajiri au unapotokana na kazi aliyomfanyia. Mahali pengi hakuna kifungu cha namna hiyo, hivyo mkataba ndio unaotawala. Mwajiriwa amwandikie mwajiri barua fupi kabla ya kuanza, aitaje programu anayokusudia kuijenga, na aombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo halitasaidia kitu siku meneja atakapobadilishwa.

Kwa mkandarasi, hali ni kinyume na watu wengi wanavyodhani: kulipia kazi hakukufanyi mmiliki wake. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la shirika lililomwagiza mchongaji kutengeneza sanamu, likamlipa, kisha likadai kuwa hakimiliki ni yake. Mahakama ilimwona mchongaji kuwa mkandarasi huru wala si mwajiriwa, hivyo shirika halikuweza kudai haki hiyo kwa msingi wa kuwa mwajiri. Wanaoagiza programu wamo katika nafasi ileile. Mteja asiye na mkataba wa kuhamisha haki kwa kawaida hubaki na ruhusa ya kutumia tu, na mkandarasi anaweza kumwuzia mshindani msimbo huohuo.

Dawa yake ni waraka wa kuhamisha hakimiliki, ulioandikwa na kutiwa saini na mwandishi, kwa kuwa sheria za Marekani na za Uingereza hazitambui uhamisho wa hakimiliki usio na maandishi yenye saini. Maneno ya waraka huo yanahitaji uangalifu mkubwa. Kifungu kinachosema "mkandarasi atahamisha hakimiliki kwa mteja" ni ahadi ya kufanya jambo siku zijazo. Kifungu kinachosema "kwa waraka huu mkandarasi anahamisha kwa mteja hakimiliki yote ya msimbo ulioandikwa chini ya mkataba huu, ulioko sasa na utakaoandikwa" kinatenda jambo lenyewe. Chuo Kikuu cha Stanford kiliipata tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mtafiti wake alikuwa ameahidi katika mkataba wa chuo kwamba angekihamishia haki za uvumbuzi wake, kisha akatia saini katika kampuni ya Cetus karatasi iliyokuwa ikihamisha haki hizo papo hapo. Mahakama ya rufaa iliyapa nguvu maneno ya kuhamisha papo hapo, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha hukumu isimame kwa faida ya Roche, iliyokuwa imezipata haki za Cetus. Shauri hilo lilihusu hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi inayotolewa na serikali, lakini mwandishi wa mkataba wowote wa programu anapaswa kulikumbuka anapochagua kitenzi chake.

Mkandarasi naye ana haki ya kujilinda. Ataje katika mkataba kwamba uhamisho utakamilika malipo yote yatakapofika, na aorodheshe zana alizokuwa nazo kabla ya kazi, kama vile maktaba yake (msimbo ulio tayari kutumiwa tena ndani ya programu nyingine) ya kushughulikia tarehe au fomu, ili hizo zibaki zake na mteja apewe leseni ya kudumu ya kuzitumia ndani ya programu iliyojengwa. Bila orodha hiyo, mkandarasi mwenye wateja kumi anaweza kujikuta amemhamishia mteja wa kwanza zana ambayo wengine tisa wanaitegemea. Wenye wakandarasi walioko Ujerumani wazingatie pia kwamba sheria ya huko hairuhusu hakimiliki yenyewe kuhamishwa mtu akiwa hai. Kinachotolewa ni haki ya matumizi, hivyo mkataba uombe haki ya kipekee, ya kudumu, isiyo na mpaka wa nchi.

Kundi linalosahauliwa zaidi ni waasisi na marafiki. Watatu wanaanza mradi bila kampuni, kila mmoja anaandika sehemu yake, na kampuni inasajiliwa baadaye. Msimbo ulioandikwa kabla ya usajili haukuwa wa kampuni na haugeuki kuwa wa kampuni wenyewe. Kila aliyeandika, pamoja na yule aliyesaidia kwa majuma machache na kuondoka, anapaswa kutia saini waraka wa kuuhamishia kampuni kazi ya nyuma na ya mbele. Wakiachwa kuwa wamiliki wa pamoja, matokeo hutegemea nchi: nchini Marekani kila mmiliki mwenza anaweza kutoa leseni isiyo ya kipekee bila kuwauliza wenzake, mradi agawane nao mapato, ilhali nchini Uingereza leseni huhitaji kibali cha wamiliki wote. Hali zote mbili humtia wasiwasi mwekezaji anayekagua nyaraka. Saini hizo zikusanywe mapema, watu wangali wanapatana.

Kagua msimbo wa wengine uliomo ndani ya wako

Programu ya leo imejengwa juu ya maktaba nyingi zilizoandikwa na watu wengine, na kila moja ina masharti yake. Leseni ya MIT huomba kidogo: tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yaendelee kuambatana na nakala. Leseni ya Apache 2.0, ya mwaka 2004, inaongeza ruhusa ya hataza kutoka kwa waliochangia. Leseni ya GPL, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Richard Stallman na ambayo toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2007, inadai kwamba ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo wake, uisambaze kwa leseni hiyohiyo na uwape wapokeaji msimbo chanzo. AGPL inalifikisha sharti hilo hata kwa watumiaji wanaoifikia programu iliyobadilishwa kupitia mtandao bila kupewa nakala.

Masharti haya si maombi ya hisani. Mwaka 2008, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba anayekiuka masharti ya leseni huria, yaani zile kama hizi zinazomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha msimbo, anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Tengeneza basi orodha ya kila maktaba, toleo lake na leseni yake, na uifanye iwe sehemu ya kawaida ya ujenzi wa programu, maana orodha inayoandaliwa siku ya kuuza kampuni huibua mambo ambayo hayawezi kurekebishwa kwa haraka. Vipande vilivyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za maswali na majibu viingizwe humo pia. Na msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote usiuchukue: kuonekana kwake si ruhusa, haki zote bado ni za mwandishi.

Msimbo uliotolewa na akili bandia unahitaji rekodi ya peke yake. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya Januari 2025 kwamba maagizo pekee anayoandika mtumiaji hayatoshi kumfanya awe mwandishi wa kilichozalishwa, na mwezi Machi mwaka huo mahakama ya rufaa ya mji mkuu, Washington D.C., ilithibitisha kwamba sheria ya nchi hiyo inataka mwandishi binadamu. Uingereza, kwa upande wake, ina kifungu cha 9(3) katika sheria yake ya mwaka 1988 kinachomtambua kuwa mwandishi yule aliyefanya maandalizi ya lazima ya kazi iliyozalishwa na kompyuta. Kwa kuwa nchi hazijaafikiana, naona njia salama ni kuandika kwa mkono sehemu zinazobeba thamani ya bidhaa, na kuweka alama kwenye zile zilizozalishwa, pamoja na kumbukumbu ya mabadiliko ambayo binadamu alizifanyia.

Tunza ushahidi

Historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ni ushahidi mzuri wa jinsi kazi ilivyokua, lakini peke yake ina udhaifu: tarehe na jina katika kila ingizo huwekwa na kompyuta ya mwandishi, na mtu anaweza kuandika tarehe anayoitaka. Yapo mambo mawili yanayoipa nguvu. La kwanza ni kutia saini ya kidijitali kwenye maingizo na matoleo, ili jina lifungwe na ufunguo wa mtu fulani. La pili ni kuhusisha mtu wa tatu asiye na maslahi, kwa mfano kupeleka nakala ya kazi kila siku kwenye seva ya mtoa huduma anayehifadhi kumbukumbu zake mwenyewe za muda wa kupokea, au kukokotoa alama ya SHA-256 ya faili lote la toleo, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, mfuatano wa tarakimu na herufi 64, na kuiwasilisha kwa huduma ya muhuri wa muda, inayothibitisha tarehe iliyopokea alama hiyo. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote hubadilika, kwa hiyo miaka mitano baadaye unaweza kuonyesha kwamba faili hilohilo lilikuwepo siku ile.

Usifute rasimu mbovu, maelezo yaliyoandikwa kwa haraka wala sehemu zisizotumika tena katika historia. Mnakili huchukua pia makosa. Hitilafu ileile mahali palepale, kosa la tahajia katika jina la kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya msimbo), au kipande cha msimbo kisichotumiwa na sehemu yoyote ya programu, vikionekana katika programu mbili, ni vigumu kueleza kwamba zimetokea kwa bahati.

Usajili, mahali unapopatikana, una faida hata kama si sharti. Nchini Marekani, kazi iliyoanzia huko lazima isajiliwe kabla ya kufungua shauri, na fidia maalumu za kisheria pamoja na gharama za wakili hupatikana tu ikiwa usajili ulitangulia ukiukaji au ulifanyika ndani ya miezi 3 tangu kuchapishwa. Ofisi huko hupokea kurasa 25 za mwanzo na 25 za mwisho za msimbo chanzo, na mwombaji huruhusiwa kuziba sehemu zenye siri za biashara.

Siri, hataza na jina

Siri ya biashara inalindwa chini ya kifungu cha 39 cha TRIPS ikiwa taarifa haijulikani na wengi, ina thamani kwa sababu ya usiri wake, na mwenye nayo amechukua hatua za maana za kuitunza. Sharti la tatu ndilo huwaangusha watu. Hifadhi ya msimbo iliyo wazi kwa kila mfanyakazi, nywila moja inayotumiwa na wote, au akaunti za walioondoka ambazo hazijafungwa, ni mambo ambayo wakili wa upande wa pili atayaonyesha mahakamani. Acha algoriti muhimu, yaani hatua za ukokotoaji zinazobeba siri yako, zibaki kwenye seva, wape ruhusa wanaohitaji tu, na kila anayeingia atie saini makubaliano ya usiri.

Hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa, lakini kwa programu njia yake ni nyembamba. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, katika kifungu cha 52, unaziondoa programu za kompyuta zikiwa programu tu, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2014 katika shauri la Alice ulikataa wazo dhahania linalotekelezwa tu kwa kompyuta ya kawaida. Anayeifikiria asichapishe wala kuonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, kwa kuwa nchi nyingi huhesabu tangazo la mwombaji mwenyewe kuwa limeondoa upya wa uvumbuzi. Jina la bidhaa nalo lisajiliwe kama alama ya biashara, kwani leseni huria ya msimbo haimlazimishi mtu kuruhusu jina litumike.

Chagua leseni, na jiandae kuitetea

Katika folda kuu ya hifadhi ya msimbo weka faili la leseni, na juu ya kila faili la msimbo weka mistari miwili: mmoja wa hakimiliki, mwaka na jina la mmiliki, na wa pili wa kutambulisha leseni kwa jina fupi la kawaida, kama "SPDX-License-Identifier: Apache-2.0". Faili likinyofolewa na kupelekwa kwingine, mistari hiyo husafiri nalo. Ukipanga kutoa programu kwa leseni mbili, moja huria na nyingine ya kulipia, hakikisha kila mchangiaji wa nje amekupa kwa maandishi haki ya kufanya hivyo, maana mchango wa mtu mmoja asiyetia saini unaweza kukuzuia kuuza leseni ya pili. Kumbuka pia kwamba nakala ulizokwisha kuzitoa kwa leseni huria haziwezi kurudishwa. Unaweza kubadilisha leseni ya matoleo yajayo tu.

Ukigundua kwamba msimbo wako umenakiliwa, usianze kwa kulalamika hadharani, kwa kuwa upande wa pili utaondoa ushahidi wake. Pakua nakala ya programu yao, iwekee alama ya SHA-256, piga picha za kurasa zenye tarehe, kisha linganisha faili kwa faili na uandike mistari inayofanana, ukitenganisha ile inayotoka kwako na ile inayotoka kwenye maktaba za pamoja. Baada ya hapo tuma barua inayotaja sehemu mahususi na jambo unalolitaka: kuondolewa, kurejeshwa kwa tangazo la hakimiliki, au malipo ya leseni. Wengi waliokiuka leseni huria kwa uzembe hurekebisha katika hatua hii. Wasipojibu, mtoa huduma anayehifadhi msimbo huo anaweza kuandikiwa notisi ya kuondoa. Kwa watoa huduma wa Marekani utaratibu wake umo katika sheria ya DMCA ya mwaka 1998, inayohusu hakimiliki katika mazingira ya kidijitali. Notisi hiyo inakuwa na tamko, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya mwenye haki, na upande wa pili una nafasi ya kuipinga, hivyo usiitie saini kabla ya kuweka mezani waraka wa kuhamisha haki wa kila mtu aliyeandika mistari unayoidai.